Koti la Friza ya Bi Mwanaharusi

"Ile friza haili umeme, Mama Queen. Inaganda kwa dawa."

Sabina alisema hivyo akiwa ameinamia beseni, povu limempanda mpaka viwikoni, na wala hakushusha sauti. Uani hapakuwa na mtu mwingine ila yeye na Kija, na mtoto Queen aliyefungwa mgongoni kwa mama yake, ambaye kwa umri wake hakuhesabika kuwa shahidi.

"Dawa gani tena?" Kija aliuliza.

"Ya ng'ambo. Hujamwona yule bibi kila mwezi anavyopanda feri ya Kamanga? Anakwenda mikono mitupu, anarudi na kiroba kimefungwa mdomo kama kina mtu ndani. Akishaingia kwake, komeo. Halafu mchana chungulia dirishani: friza imefunikwa gubigubi kama mgonjwa wa malaria, waya umechomolewa, umelala sakafuni. Saa nane akina mama wa samaki wanapiga hodi, barafu inatoka humo ngumu kama mawe ya Igogo. Wewe umesoma. Niambie."

"Nimeishia la saba, dada."

"Na la saba walikufundisha barafu inakaa bila umeme?"

Kija alicheka, Sabina naye akacheka, wakaendelea kufua. Ndivyo alivyokuwa Sabina. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba la mtaa: ukikinga ndoo, unapata na takataka zake. Lakini ndiye aliyemshika Kija mkono siku uchungu ulipomwanza. Mume wa Kija, Josephat, alikuwa machimboni Geita na simu yake haipatikani. Sabina akaita bajaji, akapanda naye kilima cha Bugando mpaka hospitali, njia nzima akimfuta jasho kwa khanga yake mwenyewe. Kwa hiyo Kija alimsikiliza kama unavyomsikiliza dada. Yote unayasikia, si yote unayachukua.

Nyumba yenyewe iko Mirongo, ya vyumba vinne vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja, choo kimoja na mita moja ya umeme. Hiyo mita moja ilikuwa kama ng'ombe wa watu wanne: kila mtu anakamua, na hakuna anayejua mwenzake amekamua kiasi gani. Ikianza kulia, michango inapita mlango kwa mlango, luku inanunuliwa, watu wanakaa na mwanga wao mpaka itakapolia tena. Kija alikuwa na taa na chaji ya simu. Sabina alikuwa na televisheni na friji ndogo ya kuwekea mboga na maziwa ya binti yake, Odeta. Machibya, kijana anayeuza mashati ya mitumba, alikuwa na pasi. Na Bi Mwanaharusi alikuwa na ile friza ya mlango wa juu, pana na ndefu, imechukua nusu ya chumba chake cha nyuma. Kwa sababu ya friza hiyo alichangia kuliko wote, na hakungoja kuambiwa.

Alikuwa mwanamke wa umri wa kuitwa bibi na kila mtu, mfupi, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake. Aliuza barafu. Wateja wake walikuwa wanawake wanaouza sato mitaani, wale wanaobeba samaki kwenye beseni na lazima wafike jioni samaki bado ana macho maangavu. Hao walimwita Bibi Barafu, naye aliitika.

Siku ya kiroba ilipofika tena, Kija alikuwa amekaa kizingitini kwake, anamkausha Queen aliyetoka kuoga. Bi Mwanaharusi akaingia uani na mzigo kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo mwenzako leo ananukia sabuni. Kuna harusi?"

Kija alitaka kujibu utani, lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye ushungi wa bibi. Ulikuwa mweusi, na begani palining'inia kitu cheupe, chepesi, kama povu lililokauka. Aliinuka, akakitoa kwa vidole viwili. Akakisugua. Ndani yake palikuwa na mbegu.

"Pamba," alisema. Akaivuta, akaitazama rangi. "Tena pamba fifi. Hii ilinyeshewa ikiwa bado shambani. Kwenye mizani wanaikataa."

Bi Mwanaharusi akashusha kiroba chini taratibu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kwimba, bibi. Nimekulia ndani ya pamba."

"Miaka yote hii natafuta mtu wa kunisaidia kuchambua," bibi alisema, "kumbe amekaa mlango wa tatu ananyonyesha. Haya ingia. Na huyo mnukia sabuni aje."

Ndipo Kija alipoona ile dawa ya ng'ambo. Ilikuwa pamba iliyokataliwa na wanunuzi, anayopewa na wifi yake mwenye shamba Sengerema, na bibi huichambua mbegu kwa vidole, huichanua, kisha huishindilia ndani ya mfuko mkubwa alioushona kwa mapazia ya zamani. Mfuko huo ulikuwa na umbo la friza. Alishaushona na kuushonoa mara nyingi, kwa maana pamba ikikaa sana inalala, inakuwa ngumu kama mkeka, na ikishalala haifai tena mpaka uchanganye na mpya. Kwa hiyo kila mwezi alivuka. Alipouvuta mfuko ule na kuivika friza, mbele na nyuma na juu, ilionekana kama mtu mnene aliyevaa koti la baridi.

"Nauita koti," alisema. "Mume wangu angekuwepo angelicheka."

Walikaa chini kwenye mkeka, pamba katikati yao, Queen ameegemezwa kwenye kiroba. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao hufunguka. Baba yake Bi Mwanaharusi alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba hapa hapa Mwanza, zamani, yeye akiwa mtoto wa kutumwa. Mchana alimpelekea baba chakula kwenye sufuria. Siku nyingine baba alikuwa hana nafasi ya kula, basi anaichimbia sufuria ndani ya lundo la pamba na kuifukia kabisa. Jioni ikifukuliwa, ugali unatoa mvuke.

"Nikaamini pamba ina moto ndani yake," bibi alisema. "Nilikuwa naogopa kuilalia."

Akaja kuolewa na Yahaya, muuza sato, ambaye alinunua barafu na kuifukia kwenye pumba za mpunga ili isiyeyuke njiani. Siku moja pumba zilikwisha. Mwanaharusi akakumbuka pamba, lakini akasita, kwa kuwa alijua pamba ni ya kutunza moto. Yahaya akasema tujaribu, tukipoteza tumepoteza. Wakaifunga barafu kwa pamba ya godoro lao lililochanika. Ikafika jioni nzima nzima.

"Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Pamba haina moto, haina baridi. Ni mlinzi wa getini. Aliye ndani hatoki, aliye nje haingii. Basi. Hana kabila huyo."

Yahaya alipofariki, mtoto wao Nurudin alimwita mama yake Dar es Salaam akapumzike. Alikwenda, akakaa, akarudi. Alisema kule alikuwa anakaa dirishani kuhesabu magari, na hata hayo magari hakuyamaliza. Akanunua friza iliyotumika. Mwanzoni ilimtesa, ilikula umeme mpaka ikawa yeye ndiye anayeilisha badala ya kulishwa nayo. Lakini hakuiuza. Alikaa nayo kama unavyokaa na mkwe mpya, kwanza unamwangalia anapenda nini na anakasirishwa na nini. Aliona kwamba maji ya bomba ya mchana yanaingia humo yakiwa na uvuguvugu wa bati na jua, na friza inahangaika kuyapoza kabla hata ya kuanza kuyagandisha. Basi akanunua mitungi miwili ya udongo, maji yakawa yanalala humo kwanza na kupoa bure. Aliona pia kwamba kila anapofunua mlango kuuza bonge moja, friza inaanza kunguruma upya kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Akawaambia wateja: barafu ni saa nane, mlango unafunguliwa mara moja, atakayechelewa anywe uji. Walinuna, wakazoea. Umeme aliuwasha magharibi, nyumba inapopoa, akauzima asubuhi mabonge yakishakuwa mawe. Kutoka hapo mpaka saa nane kazi ilikuwa ya koti.

Kija alisikiliza haya yote na mikono yake haikusimama. Mbegu zilidondoka kwenye sahani tik, tik. Alijisikia yuko nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ahamie mjini.

Jioni ile alimwambia Sabina: "Dada, nimeiona dawa. Ni pamba tu."

Sabina alimtazama kwa huruma. "Pamba tu. Na maiti anawekewa nini puani?"

"Jamani Mama Odeta."

"Nimeuliza tu. Si umesema pamba?"

Lakini baadaye kidogo, akijifanya anatafuta vijiti vya kubania nguo, aliuliza: "Kwa hiyo anaifunika yote? Mpaka nyuma?"

"Yote."

"Mh," Sabina akasema, akaingia ndani.

Kija hakuliweka moyoni swali lile. Alikuwa na mengine. Queen alikuwa ameanza kutambaa, na kila alipowekwa chini alikwenda sehemu ile ile, kwenye ukuta unaotenganisha chumba chao na cha Sabina. Aliegemeza shavu pale, akatulia, akalala. Kija alimchukua, akamrudisha kwenye godoro. Mtoto akatambaa tena. Kija akafikiri ni vituko vya watoto. Kila mtoto ana kona yake.

Kisha mita ikaanza kulia mapema.

Mara ya kwanza watu walidhani wamechanga pungufu. Mara ya pili ililia Machibya akiwa katikati ya shati, na taa ikazimika kabla hajamaliza mkono wa kushoto. Alitoka uani na pasi mkononi.

"Nani anakula umeme wa watu humu?"

"Si wewe na hiyo pasi," Sabina alimjibu. "Unanyoosha mashati kama unayapeleka Ikulu."

"Pasi yangu naiwasha mara moja kwa wiki, mashati yote kwa mkupuo, Bi Mwanaharusi ndiye aliyenifundisha. Kuna kitu kingine hapa. Kikubwa."

Neno kikubwa likaning'inia hewani. Katika nyumba ile kitu kikubwa kilikuwa kimoja tu, na wote walijua kiko chumba gani.

Mzee Luhende, mwenye nyumba, alipopigiwa simu alikuja na kofia yake ya kanisani, akakaa kwenye kigoda uani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa simu. Alisema amechoka kusuluhisha umeme, kwamba wapangaji wanalalamika, na kwamba friza itoke, au mwenye friza atoke nayo.

Wote wakamtazama Bi Mwanaharusi. Kija alishika mguu wa Queen akaubana bila kujua. Friza ile ndiyo ugali wa bibi, kodi ya bibi, na ndiyo sababu ya bibi kuwa Mwanza na si kwenye dirisha la kuhesabia magari. Na pale Mirongo alikuwa karibu na wateja wake. Angehamia wapi na friza, apokelewe na mita ya nani?

Bi Mwanaharusi hakubadilika sura.

"Mzee Luhende, nimekuwa mpangaji wako tangu huu ukuta haujapakwa chokaa. Leo naizima. Sitaiwasha wiki nzima. Nunueni luku, muiangalie. Ikikaa, mimi na friza yangu tutaondoka, wala hutanisindikiza. Isipokaa, utanitafutia maneno mengine."

"Na wateja wako?" Machibya aliuliza.

"Wateja wangu wana akili. Watanisubiri."

Hawakusubiri wote. Saa nane walikuja na mabeseni yao wakakuta mlango uko wazi, friza iko wazi, bibi anaifuta maji kwa tambara. Mmoja alisema, "Bibi Barafu, umetuweka juani," akaenda kununua mahali pengine. Kija aliona jinsi bibi alivyokunja lile tambara, kona kwa kona, polepole sana. Hilo tu.

Na mita ikalia mapema vilevile.

Kija alifikiri hapo mambo yamekwisha, bibi ameshinda. Hakuyajua maneno ya watu. Mzee Luhende aliporudi, Sabina ndiye aliyeanza, na alisema kwa hofu ya kweli, mkono kifuani.

"Si mnaona sasa? Imezimwa na bado inakula. Kitu cha umeme ukikizima kinaacha. Kinachokula kikiwa kimezimwa hicho si cha umeme."

Machibya alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Mzee Luhende alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna jibu humo.

"Mimi siamini uchawi," alisema hatimaye. "Lakini siupangishi. Bi Mwanaharusi, nitapita Jumapili nikitoka kanisani. Nikute mita imetulia, au nikute chumba."

"Utakuta mita," bibi alisema, kama mtu anayejibu salamu, akaingia ndani kwake.

Siku iliyofuata, mchana, watu wametawanyika kwenye kazi zao, Kija alisimama mbele ya mita na Queen mgongoni. Kwenye mita ile kuna kijitaa chekundu kinachopepesa. Alishakiona siku nyingi: usiku televisheni na taa zikiwa zinawaka kinapepesa haraka, mchana watu wakiwa hawapo kinapepesa kwa uvivu, kama mzee anayesinzia. Sasa ilikuwa mchana. Friza ya bibi imezimwa, imekaa mlango wazi. Pasi ya Machibya iko baridi, mwenyewe yuko sokoni. Taa yake Kija imezimwa. Na kijitaa kilikuwa kinapepesa mbio mbio, kama jicho lililoingia mchanga.

Sabina alikuwa ametoka, televisheni yake iko kimya. Imebaki friji, Kija aliwaza. Lakini friji ile ilikuwepo tangu zamani na haikuwahi kumsumbua mtu.

Alirudi chumbani, akamshusha Queen. Queen akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wake, akaegemeza shavu, akafumba macho.

Kija alimtazama. Kisha akapiga magoti, naye akaweka shavu pale.

Ukuta ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua upande ule halifiki kabla ya alasiri. Ulikuwa na joto la mwili, kama mgongo wa mtu mwenye homa. Na ndani yake, ukitulia sana, mlikuwa na mngurumo. Kija alikaa hapo, mtoto upande mmoja yeye upande mwingine, akingoja mngurumo unyamaze kidogo, kama friji zinavyonyamaza. Haukunyamaza. Alimnyonyesha Queen akashiba, akafua nguo zake zote, akarudi kuweka shavu. Mngurumo ulikuwa pale pale.

Ndipo akakumbuka: *Mpaka nyuma?*

Alitoka uani, akapita dirishani kwa Sabina. Pazia lilikuwa limeacha mwanya. Ndani, friji ndogo ilikuwa imesukumwa mpaka ikagusa ukuta, na imevishwa mablanketi mawili na shuka juu yake, imefungwa kwa kamba ya manila kiunoni. Waya ulikuwa umechomekwa.

Kija alijua alichonacho mkononi. Angemwita Mzee Luhende kwa simu, jambo likaisha kabla ugali haujaiva. Lakini aliona pia khanga ya Sabina imeanikwa kwenye kamba, ile ile ya siku ya Bugando, na mbele yake akaona magodoro ya Sabina yametolewa nje, na Odeta na madaftari yake amekaa juu yake. Kwa sababu Mzee Luhende, mtu akishamsumbua na simu, hamsamehe.

Akaenda kwa Bi Mwanaharusi. Hodi yake haikusikika vizuri.

"Karibu. Mbona unapiga hodi kama mdaiwa?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na kiroba cha pamba, anachambua. Hakukuwa na sanduku lililofunguliwa wala kitu kilichofungashwa. Mitungi yake ilikuwa imejaa maji.

"Bibi, njoo kwangu ushike ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Njoo tu."

Bi Mwanaharusi alikuja. Aliweka kiganja pale Queen alipokuwa amelala, kisha akaweka sikio. Kija akamweleza habari ya kijitaa, na ya mablanketi, na ya kamba ya manila. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kija alidhani analia, mpaka alipomwona anajiziba mdomo asimwamshe mtoto.

"Kamba kiunoni," alisema. "Masikini Sabina. Ameifunga kama mgonjwa wa mgongo."

"Bibi, hili si la kucheka."

"Nicheke nini tena kama si hili?" Alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Aliona koti, hakuona kuvua. Mimi navalisha nikishazima, mwanangu. Friza ikiwa kazini inatoa jasho, joto lote la humo ndani inalitupa nje kupitia kwenye mbavu na mgongo. Ukiifunika ikiwa inawaka, ukaibana na ukuta, unamvalisha mtu makoti mawili halafu unamwambia apande Bugando mbio. Itakimbia mchana kutwa na haitafika. Ndiyo maana hainyamazi. Na ikiendelea hivyo itakufa."

"Kwa hiyo nimpigie Mzee Luhende?"

"Umwambie nini?"

"Kwamba si wewe. Kwamba ni friji ya Mama Odeta."

"Akishajua?"

Kija aligeuza macho mlangoni, kwenye khanga ya Sabina kambani.

"Mimi nilikuwepo siku ile uliporudi kutoka hospitali," bibi alisema. "Niliona ni nani amekushikia mtoto, na nani alikupikia uji ukiwa huwezi kukaa. Wewe umekuja kwangu kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba, maana yake na wewe umeyaona. Sabina hana ubaya. Ana mdomo, na ana hamu ya kujua, na hana ujasiri wa kuuliza. Alitaka umeme wake upungue kama sisi wote. Sasa tukimwanika uani mbele ya watu, atasema ndiyo, nimekosa? Hatasema. Atasema mablanketi yamerogwa. Na tutabaki na mita ile ile na maneno mapya."

"Lakini Jumapili ndiyo hiyo. Mzee anakuja kuchukua chumba."

"Unaniona nafungasha?"

"Hapana, bibi."

"Wiki niliyoahidi inatimia leo, magharibi naiwasha friza yangu. Kina mama wa samaki nimeshawapelekea salamu. Mzee Luhende akija akute friza yangu inakula kama kawaida yake na mita imetulia. Hapo hatahitaji maneno ya mtu, ataona kwa macho. Ila ili mita itulie, ile friji lazima ivuliwe makoti, na lazima avue mwenyewe kwa mkono wake, akiamini ni akili yake iliyomtuma."

Alimwinua Queen kutoka ukutani, akampakata, mtoto hakuamka. Alimbeba hivyo mpaka mlangoni, akachungulia uani. Sabina alikuwa ameingia na kikapu cha mboga, anafungua kufuli lake, anaimba kidogo.

Bi Mwanaharusi akarudi, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, akashusha sauti.

"Sasa nina ombi, na ni wewe tu wa kunisaidia. Kesho asubuhi tunachambua pamba. Mwite Sabina. Mwambie vidole vinaniuma, na wala hutakuwa umedanganya, vinauma. Atakuja, hawezi kukaa mbali na kitu asichokijua. Mwache akae, ashike pamba, aivute, aone mwenyewe kwamba ndani mna mbegu na si hirizi. Tutapiga soga. Ya watoto, ya bei ya sato, yoyote. Akishatulia, wewe uniulize: bibi, kwa nini friza unaivua koti kabla ya kuiwasha?"

"Lakini mimi najua kwa nini."

"Najua unajua." Akamshika bega. "Uliza kwa sauti, mwanangu. Uliza kama mtu ambaye hajui kabisa, halafu usimtazame."